Likizo Isiyo na Siku ya Kurudi

Likizo ni miongoni mwa mambo machache ambayo binadamu huyakumbuka bila ya kukumbushwa. Mtoto aliyepelekwa kwa bibi yake wakati shule zimefungwa hukumbuka hata uzeeni jina la kijito alichooga, mwembe alioupanda, na gari lililomrudisha kwao. Kumbukumbu hiyo huwa tamu kwa sababu iliyo wazi: safari ile ilikuwa na mwisho wake. Aliyemchukua mtoto alijulikana, mahali alipokwenda palijulikana, na siku ya kurudi ilijulikana.

Wako watoto, hata hivyo, ambao safari yao ilianza kwa jina hilohilo la likizo na haikuwarudisha. Waliagwa kwa furaha na wazazi wao, wakapandishwa gari, na baada ya miezi michache wakajikuta katika nchi ya mbali, wakiwa na majina mapya na hati zilizogongwa mihuri zikisema kwamba wao ni yatima waliopatiwa wazazi wengine. Makala haya yanakusudia kuchambua namna jambo hilo linavyotokea, na kuonyesha kwa nini suala la kuasili watoto na kuwapeleka nchi za nje, ambalo wengi hulidhani kuwa ni la mahakimu na watumishi wa ustawi wa jamii peke yao, linawahusu kwanza wanajeshi na polisi.

UKARIMU WENYE TAREHE

Ni haki kuanza na wema, kwa maana si kila mgeni ampokeaye mtoto wa nchi nyingine ana nia mbaya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, nchini Algeria, wamekuwa wakipokelewa na familia za Hispania wakati wa kiangazi, majira ambayo joto la jangwa hilo hufikia nyuzi 45 na zaidi. Mtoto hukaa na familia moja, hupimwa na daktari, huona bahari, kisha hurejea kambini kwa baba na mama yake. Familia nyingi zimempokea mtoto yuleyule mwaka baada ya mwaka, zikafahamiana na wazazi wake, na hata kuwatembelea kambini.

Vivyo hivyo ilikuwa baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986. Upepo ulibeba sumu na kuimwaga kwa wingi katika ardhi ya Belarus, na kuanzia miaka ya 1990 maelfu ya watoto wa huko walipelekwa Ireland, Italia, Ujerumani na nchi nyinginezo kwa wiki kadhaa za mapumziko, wale chakula safi na kupumua hewa isiyo na madhara. Baadhi yao walitoka katika makao ya yatima. Haikuwa ajabu, basi, kwamba familia kadhaa zilizowapokea ziliwapenda na kutaka kuwaasili. Likizo ikawa mlango wa kuasili.

Mwaka 2008 ukatokea mgogoro. Msichana mmoja wa Belarus aliyekuwa Marekani kwa mapumziko alikataa kurudi kwao. Serikali ya Belarus ilijibu kwa kusimamisha safari za watoto hadi kila nchi mwenyeji itie sahihi mapatano ya kuhakikisha kwamba mtoto aliyetoka atarejeshwa. Ireland ilitia sahihi mwezi Desemba mwaka huohuo, na safari zikaendelea. Wako walioiona hatua hiyo kuwa ni ukali usiofaa. Lakini tukiziweka kando siasa za wakati ule, sharti lenyewe lilikuwa la busara. Lilitenganisha mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa: kumpumzisha mtoto, na kumhamisha kutoka ukoo mmoja kwenda ukoo mwingine. Jambo la kwanza huhitaji ukarimu. La pili huhitaji sheria, ushahidi na ridhaa ya wenye mtoto.

LIKIZO KUWA CHAMBO

Hatari huanza pale la kwanza linapotumiwa kulifunika la pili. Hebu tutazame mifano minne, kila mmoja ukitoka katika nchi yake.

Mfano wa kwanza uko jirani. Mwaka 2015, katika eneo la Gemena, kaskazini-magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wazazi waliambiwa kwamba watoto wao wamealikwa kwenye kambi ya likizo mjini Kinshasa. Watoto wakaondoka. Baadaye baadhi yao walipelekwa Ubelgiji na kukabidhiwa kwa familia zilizoaminishwa kwamba zinapokea yatima. Wapelelezi wa Ubelgiji walipolichunguza jambo hilo, vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba wazazi wa baadhi ya watoto hao walikuwa hai palepale Gemena, wakiwangoja. Tufikiri kidogo juu ya uchungu wa pande zote mbili: mzazi wa Kongo aliyempungia mkono mwanawe akitaraji kumwona baada ya majuma machache, na mzazi wa Ubelgiji aliyemlea kwa mapenzi mtoto ambaye hakupaswa kuwa wake.

Mfano wa pili ni wa Chad. Mwaka 2007 shirika la Kifaransa liitwalo L'Arche de Zoé lilikusanya watoto 103 katika vijiji vilivyo karibu na mpaka wa Sudan. Kwa familia za Ufaransa zilizokuwa zikiwasubiri, watoto hao walielezwa kuwa ni yatima wa vita vya Darfur. Kwa wazazi wa vijijini ilitolewa ahadi ya shule. Tarehe 25 Oktoba msafara wa watoto ulisimamishwa mjini Abéché ukielekea uwanja wa ndege, ambako ndege ya kukodi ilikuwa imeandaliwa. Ilibainika kwamba baadhi ya watoto walikuwa wamefungwa bendeji pasipo jeraha lolote, ili waonekane majeruhi. Picha zake zilichukuliwa na mwandishi wa habari aliyekuwa amefuatana na wahusika. Mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Msalaba Mwekundu yaliwahoji watoto mmoja mmoja, yakakuta kwamba 91 kati ya wale 103 walikuwa wakiishi na angalau mtu mzima mmoja waliyemhesabu kuwa mzazi wao. Wengi wao walikuwa wa vijiji vya Chad yenyewe. Mahakama ya N'Djamena iliwahukumu Wafaransa sita kifungo cha miaka minane na kazi ngumu. Walihamishiwa Ufaransa, na mwezi Machi 2008 wakasamehewa na Rais Idriss Déby. Watoto nao walirejeshwa kwao mwezi huohuo, baada ya kukaa karibu miezi mitano katika makao ya yatima ambayo hawakustahili kuwamo.

Mfano wa tatu ni wa Haiti. Tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010 liliuangusha mji mkuu, Port-au-Prince, na kuwaua watu wengi mno. Kabla mwezi ule haujaisha, Wamarekani kumi wa kundi la kanisa walisimamishwa kwenye mpaka wa Jamhuri ya Dominika wakiwa na watoto 33 ndani ya basi, bila ya hati za kuwaruhusu kuwatoa nchini. Walisema kwamba wanawaokoa yatima. Uchunguzi ukaonyesha kwamba watoto hao walikuwa na wazazi, ambao waliwatoa kwa hiari baada ya kuelezwa habari za makao mazuri yenye elimu, uwanja wa mpira na bwawa la kuogelea. Kwa mzazi aliyepoteza nyumba na riziki kwa siku moja, maneno hayo yalikuwa kama mwaliko wa likizo ndefu kwa mwanawe mpaka nchi itakapotulia.

Mfano wa nne ni wa vita vya Ukraine. Mwaka 2022, katika maeneo yaliyokuwa chini ya majeshi ya Urusi, wazazi kadhaa walikubali watoto wao wapelekwe kwenye kambi za mapumziko, nyingine zikiwa katika rasi ya Crimea, kwa muda wa wiki chache. Muda ulipokwisha, baadhi ya watoto hawakurudishwa. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza mwezi Februari 2023 kwamba watoto wasiopungua 6,000 walikuwa wamepitia katika vituo 43 vya namna hiyo. Tarehe 17 Machi 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa Rais Vladimir Putin na kamishna wake wa haki za watoto, kwa madai ya kuwahamisha watoto kinyume cha sheria. Urusi imeyakana madai hayo, ikisema kwamba iliwaondoa watoto kwenye hatari ya vita. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya vita hivyo; lakini swali la mzazi aliyeambiwa wiki mbili na kungoja miezi halina upande.

Mifano hii minne haikuzuka katika ardhi moja wala kwa sababu moja. Mmoja ulitokana na biashara, mwingine na bidii isiyotii sheria, mwingine na maafa, mwingine na vita. Hata hivyo njia ni ileile. Mtoto hutolewa nyumbani kwa neno jepesi, yaani likizo, shule, au makimbilio. Kisha neno hilo hubadilishwa njiani na kuwa neno zito, yatima. Na neno zito hilo likishaandikwa kwenye karatasi, kila ofisi inayofuata hulinakili bila kuliuliza.

NANI HASA NI YATIMA?

Neno yatima lenyewe lina utata unaofaa kufafanuliwa. Katika hesabu za UNICEF, mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja huhesabiwa kuwa yatima sawa na aliyefiwa na wote wawili. Kwa hiyo mamilioni yanayotajwa mara kwa mara katika matangazo ya kuombea misaada yamejaa watoto ambao mama zao wako hai, au wanaolelewa na nyanya, mashangazi na wajomba. Msomaji wa Ulaya au Marekani asiyejua hesabu hiyo hudhani kwamba mamilioni ya watoto wamesimama njiani bila ya mtu.

Katika desturi zetu, ni nadra mtoto kukosa mtu kabisa. Ndugu ya baba huitwa baba, na ndugu ya mama huitwa mama. Mtoto huweza kupelekwa kwa mjomba akasome, akakaa huko miaka saba, na hapana anayesema kwamba ametolewa. Hapa ndipo unapozuka msiba wa kutoelewana. Mzazi wa kijijini anapoambiwa kwamba kuna watu wema watakaomchukua mwanawe na kumsomesha ng'ambo, yeye husikia desturi aijuayo: mtoto atakwenda, atasoma, atarudi akiwa mtu wa maana, na undugu utapanuka. Hajui kwamba karatasi anayotia dole gumba inaukata undugu wake kisheria, na kwamba katika sheria za nchi ya mbali yeye si mzazi tena.

Kando ya kutoelewana huko kuna fedha. Familia ya Marekani inayoasili mtoto kutoka nchi za nje mara nyingi hutumia makumi ya maelfu ya dola. Fedha hizo zinapoingia katika wilaya ambayo mwalimu hungoja mshahara wake, hapakosi kutokea mtu wa kuwatafuta watoto, na asipowapata yatima wa kweli huwatengeneza. Korea ya Kusini inatupa funzo. Tangu vita vya mwaka 1950 hadi 1953, nchi hiyo imetoa watoto wanaokadiriwa kuwa 200,000 kwenda nchi za nje, wengi wakiwa wameondoka wakati vita vimekwisha zamani. Mwezi Machi 2025 tume ya serikali yenyewe ya kutafuta ukweli ilitamka kwamba baadhi ya watoto waliandikwa kuwa yatima ilhali walikuwa na wazazi wanaojulikana, na kwamba serikali ilishindwa kuyasimamia mashirika yaliyowatoa. Watoto hao sasa ni watu wazima wenye mvi, wanaorudi Seoul kuulizia majina ya mama zao.

Mambo ya namna hiyo yamebadilisha mkondo wa dunia. Mwaka 2004 Marekani peke yake iliasili watoto zaidi ya 22,000 kutoka nje. Mwaka 2023 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 1,300. Ethiopia ilipiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 2018. China ilitangaza mwaka 2024 kwamba imeacha.

YALIYOTUKUTA UGANDA

Uganda haikusalimika. Kwa miaka mingi sheria yetu ya watoto ilimtaka mgeni anayetaka kuasili akae nchini na kumlea mtoto kwa miaka mitatu kwanza. Wengi hawakuwa tayari kungoja. Walipata upenyo: waliomba mahakamani ulezi wa kisheria, amri ambayo hupatikana kwa muda mfupi, wakasafiri na mtoto, na kumalizia mambo ya kuasili katika nchi zao. Hivyo mtoto aliondoka Entebbe akiwa na mlezi, akafika Marekani akawa na wazazi wapya, bila ya mahakama yetu kuamua lolote juu ya kuukata ukoo wake.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliuziba upenyo huo kwa kuwazuia wasio raia kupewa ulezi wa kisheria, na yakaweka sharti la mgeni kukaa nchini angalau mwaka mmoja kabla ya kuasili, isipokuwa pale mahakama inapoona sababu za pekee. Tarehe 17 Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo Waganda wanne, wawili kati yao wakiwa majaji, kwa madai ya kushiriki katika mpango wa kuwatoa watoto vijijini kwa udanganyifu. Kwa maelezo ya Wizara hiyo, wazazi waliahidiwa kwamba watoto wangepelekwa Kampala kuendelea na masomo; badala yake waliingizwa katika makao yasiyo na leseni, na kutolewa kwa wageni kana kwamba ni yatima.

Yafaa kuzingatia kwamba kutoka kijiji cha mbali hadi Kampala, na kutoka Kampala hadi Entebbe, kuna vituo vya polisi, vizuizi vya barabarani, na hatimaye dawati la uhamiaji. Watoto wa namna hiyo hawapiti angani. Hupita mbele ya watu waliovaa sare.

SHERIA YA VITA NA DAFTARI LA ASKARI

Kwa mwanajeshi, jambo hili halikuachwa kwenye huruma ya mtu binafsi. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inakataza katika kifungu chake cha 78 upande wowote wa vita kuwahamishia nchi ya kigeni watoto wasio raia wake, isipokuwa kwa muda tu, na kwa sababu nzito za afya, matibabu au usalama. Wazazi au walezi wakipatikana, ridhaa yao ya maandishi ni lazima. Tena, kwa kila mtoto iandikwe kadi yenye picha, na nakala yake ipelekwe kwa Msalaba Mwekundu huko Geneva. Katika kadi hiyo huandikwa, kadiri iwezekanavyo, majina ya mtoto, ya baba na ya mama, mahali na siku ya kuzaliwa, lugha ya nyumbani, dini, alama za mwilini, na hasa mahali na siku alipookotwa.

Kwa nini kadi ijazwe mambo mengi hivyo wakati wa vita? Jibu limeandikwa katika historia. Mwezi Aprili 1975, Saigon ilipokuwa karibu kuanguka, Marekani iliwabeba kwa ndege watoto wa Vietnam zaidi ya 2,500. Ndege mojawapo ilianguka tarehe 4 Aprili na kuwaua watu 138, wakiwamo watoto 78. Waliofika salama waligawiwa kwa familia. Mwaka huohuo kesi ilifunguliwa San Francisco, ikidaiwa kwamba baadhi yao si yatima, bali waliwekwa kwenye makao kwa muda na mama zao waliohofia vita. Kumbukumbu zilikuwa zimeandikwa kwa haraka, nyingine zilipotea, na mama aliyetaka kumdai mwanawe hakuwa na cha kuonyesha.

Mbaya zaidi ni yaliyotendeka El Salvador. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyodumu kutoka 1980 hadi 1992, vikosi vya jeshi viliwachukua watoto katika misako ya vijijini, na wengi waliishia kuasiliwa nje ya nchi. Mwezi Juni 1982, katika jimbo la Chalatenango, wasichana wawili wa familia moja, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu, walitoweka wakati wa msako wa namna hiyo. Mama yao alizunguka kwenye ofisi na mahakama kwa miaka. Tarehe 1 Machi 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliilaumu El Salvador kwa kutofanya uchunguzi wa kweli. Chama kilichoundwa mwaka 1994 na jamaa za waliopotea kimewatambua mamia ya watoto wa namna hiyo, wengine wakiwa Ulaya na Marekani, waliokua wakiamini kwamba walitupwa.

Afrika kwa upande wake ina mifano ya kujivunia. Katika vita vya Biafra, watoto wapatao 5,000 waliokuwa wakifa kwa njaa walipelekwa Gabon na Côte d'Ivoire. Vita vilikwisha Januari 1970. Walikuwapo waliosema kwamba watoto hao wamekwisha kupata makao na waachwe huko. Nigeria haikukubali, na kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walirudishwa kwa ndege kuanzia mwisho wa mwaka 1970 hadi mwanzoni mwa 1971. Hiyo ndiyo maana ya kuokoa: kumtoa mtoto penye moto, na kumrudisha moto unapozimika.

Baada ya mauaji ya halaiki ya Rwanda mwaka 1994, watoto zaidi ya 100,000 waliotengana na wazazi wao waliandikishwa, na wadogo wasioweza kutaja majina yao walipigwa picha, zikabandikwa kambini ili jamaa wapate kuwatambua. Na hapa Uganda, katika vita dhidi ya waasi wa Kony, jeshi letu liliunda huko Gulu kitengo cha kuwalinda watoto, kilichowapokea watoto waliookolewa msituni na kuwakabidhi kwa vituo vya kiraia, ambavyo viliwatafutia wazazi wao. Askari aliyemtoa mtoto vitani hakumfanya kuwa mali yake, wala hakumpa mpita njia.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Haitakuwa haki kufunga mjadala bila ya kuisikiliza hoja ya wale wanaotetea kuasili. Wanasema, na wanasema kweli, kwamba wako watoto wachache ambao jamaa zao wametafutwa wasipatikane, na ambao bila ya familia watakulia katika bweni, wakihudumiwa na watumishi wanaobadilishana zamu. Mtoto wa namna hiyo hana kumbukumbu ya likizo kwa kuwa hana mahali pa kwenda shule zinapofungwa. Kwake yeye, familia ya mbali inayompenda ni bora kuliko ukuta wa karibu. Ndiyo maana Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 haukupiga marufuku kuasili kwa wageni. Uliliita jambo hilo njia ya mwisho, baada ya njia za nyumbani kushindikana.

Vilevile marufuku ya ghafula nayo huumiza. Mwezi Septemba 2013, Kongo iliposimamisha vibali vya kutoka nchini, walikuwapo watoto ambao mahakama zilikwisha kutoa hukumu zao, na walikwama kwa miaka miwili na zaidi huku wakikua bila ya huku wala kule. Kosa la walioghushi hati liliwaangukia watoto ambao hati zao huenda zilikuwa safi.

Lakini hoja hiyo, tukiipima vizuri, haidhoofishi tulilolisema, bali inalitia nguvu. Njia ya mwisho haiwezi kufikiwa kwa haki ila mtu awe amezipita njia za kwanza. Na njia ya kwanza kabisa ni kuuliza: mtoto huyu ametoka wapi, na nani anamtafuta? Hakimu wa mjini hawezi kulijibu swali hilo miaka miwili baadaye kwa kutazama faili. Analijibu yule aliyemwona mtoto siku ya kwanza.

KAZI ILIYO MBELE YA MWENYE SARE

Ndugu askari, mtoto aliyepotea hukumbuka mengi kuliko tunavyodhani, lakini hukumbuka kwa namna yake. Huenda asijue jina la wilaya, wala jina la baba zaidi ya neno baba. Hujua, hata hivyo, jina la mbwa wao, rangi ya kanisa au msikiti, siku ya gulio, wimbo wa mama, na jina ambalo bibi yake humwita kwa utani. Kumbukumbu hizo hufifia upesi, hasa mtoto anapoingizwa katika lugha mpya. Likiandikwa leo, jina la gulio humpeleka mtafutaji hadi mlangoni. Lisipoandikwa, baada ya mwaka mmoja limekwisha kufutika.

Kwa hiyo mwanajeshi anayemkuta mtoto peke yake asitosheke na kumpa maji na biskuti. Aandike mahali hasa alipomkuta, siku na saa, mavazi aliyovaa, lugha aliyosema, maneno aliyoyatamka kama alivyoyatamka, na watoto wengine aliokuwa nao, kwa maana ndugu hutenganishwa kwa uzembe wa dakika moja. Amkabidhi kwa wenye dhamana ya watoto na achukue sahihi ya aliyempokea.

Polisi wa kizuizini na wa mpakani naye anapoliona gari lenye watoto wengi na watu wazima wasiofanana nao, asiogope kuuliza kwa sababu tu waliomo ni wageni, au wana barua ya kanisa au shirika. Yule wa mpaka wa Haiti aliuliza. Wale wa Abéché waliuliza. Maswali yenyewe ni machache: watoto hawa ni wa nani, nani aliyeruhusu, ruhusa iko wapi, wanakwenda wapi, na watarudi lini? Mwalimu anayewapeleka wanafunzi likizo atajibu yote kwa urahisi, akionyesha orodha, namba za simu za wazazi, na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Asiyeweza kuitaja siku ya kurudi apelekwe mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya na Kitengo cha Polisi cha Ulinzi wa Mtoto na Familia kabla gari halijaondoka. Kumchelewesha mtu mwema kwa saa tatu ni usumbufu unaosahaulika. Kumwachia asiye mwema kwa dakika tatu kumegharimu miaka mingi ya mama wa Chalatenango na wenzake.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikuwa wakizungumzia biashara. Mtoto si mali, na kwa hiyo hakustahili daftari lililo duni kuliko la dukani. Familia ya Gemena na familia ya Ubelgiji zingeweza kuepushwa na machozi yao endapo, mahali fulani kati ya kijiji na uwanja wa ndege, mtu mmoja mwenye kalamu na mamlaka angeinama, akamuuliza mtoto jina la mama yake, na kuliandika.